Siku moja na mtu wa maabara Kigoma: seli zipo, mbona haziui?

Saa moja asubuhi nishafika, nawasha mashine, napima kontroo (sampuli ya kuhakiki mashine). Mpaka saa nne ni malaria, mkojo, sukari na damu za wajawazito, mbio mbio tu.

Saa tano umeme ukakatika, jenereta nayo ikachelewa, mashine ya damu ikabidi ianze upya. Hapo ndo akaja mzee mmoja mvuvi wa Kibirizi, homa ya ini B anayo miaka na utrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye ini. Nikampa majibu, hakuondoka. "Mwanangu, wameandika seli nyeupe ziko sawa, sasa mbona uvimbe unakua? Au damu yetu mnauza?" Foleni inaguna, yeye kashika dirisha. Hilo neno la kuuza damu linauma jamani, mtu umesimama toka asubuhi. Nikamwambia baba subiri watu wapungue nikuonyeshe.

Walipopungua sikumbuki hata ilikuwa saa ngapi, miguu inawaka moto, nikamwekea slaidi yake kwenye maikroskopu. Ile limfosaiti (aina ya seli nyeupe) kubwa yenye chembechembe, mara nyingi ndo seli ya NK, muuaji wa seli mbovu mwilini. Chembechembe zina peforini ya kutoboa na granzaimu inayoifanya seli ya saratani ife. Ila lazima iitambue kwanza, na moja ya alama zake ni protini ya MICA juu ya seli mbovu. Sasa kuna maikroRNA, vipande vifupi vya RNA, binamu ya DNA, vya herufi kama 22 tu (Ambros na Ruvkun wamepewa Nobel 2024 kwa kuvigundua), vinang'ang'ania ujumbe wa kutengeneza protini na kuuzima. Kwenye saratani ya ini miR-93 na miR-106b zinazima ujumbe wa MICA. Yaani NK ni mgambo na MICA ni shati: mgambo katajiwa mwizi wa shati jekundu, mwizi kashavua shati. Mashine yangu inahesabu mgambo wangapi wapo, haisemi kama wanakamata.

Mzee akafikiri weee, akasema, "Basi mvisheni tena hilo shati."

Nilifurahi kupita kiasi, maana hicho ndo watafiti wanahangaikia, kuzizuia hizo maikroRNA ili MICA irudi. Nikamwambia wazi bado ni mambo ya maabara za utafiti, si dawa ya kukupa leo, kwa daktari uende vilevile na dawa za homa ya ini usiache. Akauliza watoto je? Chanjo ya homa ya ini B iliingia kwenye ratiba ya watoto Tanzania 2002, waliozaliwa kabla lete wote tuwapime, wadogo nao njoo na kadi zao tuone kama walimaliza dozi. Kasema Ijumaa anakuja nao, na Ijumaa zamu ni yangu.