Chagueni vijana wa maskani

Kila uchaguzi ukikaribia au likitokea shambulio huku kwetu Lamu utasikia kuna mafunzo ya waelimishaji rika wa amani, yaani vijana wa kuwafundisha amani vijana wenzao, wanaitwa hotelini wanapewa fulana na cheti na nauli halafu basi, yameisha. Mimi hawa vijana nakaa nao na naamini sana hii kazi, ndo maana nasema inaharibika mapema, pale pale kwenye kuchagua nani aingie.

Anayeitwa kila mara ni mtoto wa mwenyekiti ama yule anayejua kuongea vizuri mbele ya wageni. Sawa, naye aje. Lakini uvumi ukitoka unafika kwanza kwa bodaboda wa Mokowe, kwenye boti, barazani, na kijana anayesikilizwa pale ndiye tunayemtaka hata kama aliachia shule darasa la saba.

Kwenye shambulio la Mpeketoni Juni 2014 waliuawa watu zaidi ya 60, na baada ya hapo jirani akaanza kumwangalia jirani, huyu familia yake ilihamia kutoka bara, yule Mbajuni mwenyeji wa pwani, huyu Mkristo yule Muislamu, kafyu nayo ikaja wavuvi wakakatazwa kuvua usiku, njaa ikaingia nyumba ambazo hata hazikujua lolote. Na chini ya yote hayo kuna ardhi. Kuna familia zilizopewa mashamba kwenye skimu ya makazi ya serikali ya Lake Kenyatta, kule Mpeketoni, miaka ya 1970, na kuna Wabajuni waliokimbia vijiji vyao vya nchi kavu, ng'ambo ya visiwa, wakati wa vita vya shifta, vita vya serikali na waasi waliotaka kujitenga, miaka ya 1960 na wengi hawakurudi tena. Kijana asiyezijua habari zote mbili atampatanisha nani? Ataishia kusema tupendane jamani.

Kitu nilichoona kinafanya kazi ni kuigiza, lakini kila mmoja anaigiza upande wa pili. Kijana mmoja wa visiwani alipewa awe mkulima wa Mpeketoni, mwanzo wenzake wanacheka, akaanza kusema, "Mimi nimezaliwa hapa, babangu kazikwa hapa, mkinifukuza niende wapi?" akakwama hapo, ukumbi kimya. Mwenzake wa mji wetu wa Hindi, aliyeigiza mvuvi, akamjibu, "Na mimi shamba la babu limekatwa ploti, baharini nazuiwa, wanangu wale nini?" Wakati wa chai hawakuachana, wanaulizana maswali ya kweli sasa, bila mwalimu.

Halafu sauti za wasap. Ikiingia sauti eti watu fulani wanakuja usiku, usiisambaze, mpigie kwanza mwenzako aliye kule. Sasa kama kikundi chote ni cha Amu, mji wa Lamu wenyewe, utampigia nani? Lazima wachanganywe, Faza, Witu, Hindi, Mpeketoni, wabadilishane namba.

Mabinti pia jamani. Wekeni mafunzo asubuhi, mwende kwa mama zao mkaombe ruhusa kwa adabu, maana yanayosemwa jikoni na maharusini wao ndo wanayasikia, sisi hatufiki huko.

Uchaguzi wa 2027 unakuja. Anayepanga bajeti apunguze hela ya hoteli aweke nauli ya boti, vijana wakutane kila mwezi hata baada ya kura kuhesabiwa, na kamati za amani ziwape viti vya kuamua mambo, wasiitwe kupanga viti tu.