Tulikuwa tunahesabu vichwa

Mie si daktari wala nesi. Ni mtunza kumbukumbu, na miaka ile ya korona nilipangiwa meza ya chumba cha dharura hapa Tanga, ile iliyo mlangoni kabisa, mkono wa kushoto ukiingia na machela. Kazi yangu ilikuwa rejesta ya MTUHA, ule mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za huduma za afya: jina, umri, anakotoka, tatizo, saa aliyofika. Mwisho wa mwezi najumlisha, napeleka takwimu. Safu ya "anakotoka" ndiyo iliyonifundisha mji wangu: Makorora, Mabawa, Duga, Pongwe, Ngamiani barabara ya kumi na mbili, na usiku vijana wa bodaboda walioanguka njia ya Muheza.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, kule Arusha. Haikupita muda kurasa zangu zikaanza kubaki nyeupe. Ukurasa uliozoea kujaa kabla ya adhuhuri, sasa magharibi inaingia na mistari mitupu ipo. Watu waliiogopa hospitali kuliko ugonjwa wenyewe. Mtoto wa homa alinyweshwa panado nyumbani, mzee wa presha akasema atakuja mambo yakitulia. Waliokuja ni wale waliobebwa.

Nikajumlisha. Jumla ya mwezi ilikuwa imeshuka sana. Nikaipeleka kama ilivyo, maana hesabu ilikuwa sahihi, kila jina lilikuwepo.

Siku chache baadaye sista wetu mkubwa wa zamu, ambaye sote tulimwita Mama, alirudi kutoka kikaoni hasemi. Alikwenda kuomba aongezewe nesi mmoja wa usiku. Akaonyeshwa karatasi yangu: wagonjwa wamepungua, nesi wa ziada wa kazi gani? Hakunilaumu. Alikaa kwenye benchi karibu na meza yangu, akanyoosha miguu, akaniuliza, "Mwanangu, Jumamosi ulikuwepo. Kazi ilipungua?"

Jumamosi ile nilikuwepo. Usiku kucha walifika watu tisa. Manesi walikuwa wawili.

Watatu kati ya hao tisa walikuwa hawapumui vizuri, tukawaweka kona ya dirishani. Kila nesi akitaka kwenda kona ile, avae: gauni, glavu, barakoa, kinga ya macho. Akitoka, avue kwa mpangilio, anawe, na mwenzie amtazame asije akajigusa uso. Kumpa mgonjwa maji ya kunywa, jambo ambalo siku zote lilikuwa la kupita tu, likawa safari. Kitanda kikiachwa kinafutwa kwa maji ya klorini, kinaachwa kikauke, ndipo anapanda mwingine. Halafu oksijeni. Mtungi mkubwa una lita 6,800. Mgonjwa akivuta lita 10 kwa dakika, unaisha ndani ya saa 11 na ushee. Akipandishwa hadi lita 15, hazifiki hata saa 8. Na kufunga mtungi mpya kunataka spana, mikono miwili na mtu wa kuusukuma kutoka stoo. Usiku ule mtungi mmoja uliisha alfajiri, nesi mmoja yuko kona ya dirishani, mwingine amemshika kijana aliyevunjika paja. Niliusukuma mimi, mtu wa kalamu. Mkononi nilikuwa na rejesta inayosema: tisa.

Kesho yake nikanunua kaunta buku kwa hela yangu. Sikuwa na utaalamu wowote, nilikuwa na hasira na ile karatasi. Nikajiwekea sheria moja: kila baada ya saa mbili nainua kichwa, nahesabu waliomo ndani. Si waliofika, waliomo. Wa kitandani, wa kwenye machela, wa kwenye benchi mwenye dripu. Kisha naandika wangapi ni wekundu na wangapi ni machungwa, kwa ile mizani ya rangi iliyotoka Afrika Kusini, ambayo mwekundu huonwa papo hapo, wa machungwa ndani ya dakika 10, wa njano ndani ya saa moja, wa kijani anaweza kungoja hadi saa nne. Na safu ya mwisho: wangapi wamekwishaonwa, wameandikiwa kulazwa, lakini wodini hakuna nafasi.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifumbua macho. Mtu aliyeandikiwa kulazwa, kwenye rejesta yangu kazi yake ilikuwa imekwisha. Ukweli ni kwamba alikuwa bado mikononi mwa manesi wale wale wawili, anapimwa, anageuzwa, anachomwa sindano ya usiku, mpaka kupambazuke.

Hesabu ya waliomo ndani ni nyepesi, na ina mwenyewe: John Little, Mmarekani, aliithibitisha mwaka 1961. Idadi ya waliomo ndani ni sawa na wanaofika kwa saa, mara muda anaokaa kila mmoja. Wakifika sita kwa saa na kila mmoja akikaa saa mbili, ndani wamo kumi na wawili. Wakipungua wakawa wanne, lakini kila mmoja akakaa saa sita, ndani wamo ishirini na wanne. Mlango umepoa, chumba kimefurika. Na hapo hujagusa bado uzito wa kila mmoja wao.

Kumbe halikuwa letu peke yetu. Baadaye nilisoma kwamba Marekani, kati ya 29 Machi na 25 Aprili 2020, waliokwenda vyumba vya dharura walipungua kwa asilimia 42 wakilinganishwa na kipindi kama hicho mwaka 2019. Wenzetu wana vipimo vyao vya msongamano wa chumba cha dharura. Kimoja, NEDOCS, cha mwaka 2004, kinauliza waliomo, vitanda, wanaosubiri kulazwa, aliyesubiri muda mrefu kuliko wote, na walio kwenye mashine za kupumulia. Ni kizuri, ila kwangu neno "kitanda" lilinipa taabu. Benchi lenye watu watatu na dripu moja msumarini nilihesabuje?

Taabu kubwa zaidi ilikuwa saa. Nilipotaka kujua mgonjwa amekaa muda gani, nikachukua saa ya kuingia kwenye rejesta na saa ya kutoka kwenye faili. Nikapata mtu aliyeondoka kabla hajafika. Nikapata mwingine aliyekaa saa kumi na mbili kwa kushonwa kidole. Nilikesha siku mbili ndipo nikaelewa. Nesi mmoja huandika 8:00 akimaanisha saa nane ya usiku, kama tunavyosema. Daktari aliyesomea mbali huandika 2:00 kwa saa hiyo hiyo. Wa tatu huandika 20:00, na hiyo kwetu ni saa mbili ya usiku. Wote wamesema kweli, na kati yao saa sita zimepotea au zimezaliwa. Nikabandika karatasi juu ya meza: saa ya ukutani, tarakimu nne, 02:00, wote sawa. Mama alisimama akaisoma kwa sauti, akawaambia vijana wake, "Hii ndiyo amri ya leo." Naamini karatasi ile ilifanya kazi kuliko mahesabu yangu yote.

Baada ya wiki sita Mama alikwenda na kaunta buku kikaoni. Alipata nesi wa kuazima kutoka kliniki iliyokuwa imepoa, Ijumaa hadi Jumapili tu. Tuliona tofauti siku ya kwanza: mwenzao wa tatu akiwa kona ya dirishani, wawili wanazunguka wengine, hakuna anayekimbia.

Kuna safu moja sikuiweka, na bado inanisumbua. Siku zote kwetu mgonjwa haji peke yake. Ndugu ndiye anayemlisha, anayemgeuza, anayepeleka sampuli maabara, anayekimbia duka la dawa. Kazi hiyo haijawahi kuandikwa na mtu, na korona ilipokuja ndugu wakazuiwa getini, ikamwangukia nesi bila hata kutajwa. Mama mmoja wa Mikanjuni alikaa chini ya mwarobaini nje tangu magharibi, na chupa ya uji wa mumewe, kila akiniona ananiita, "Baba, amekula?" Niliichukua ile chupa saa nne usiku. Nesi alivaa upya gauni na glavu, akaingia nayo, akamlisha kijiko kwa kijiko, dakika arobaini nzima, kwa saa ya ukutani. Nilitafuta pa kuziandika kwenye kaunta buku, sikupaona.