Dhiyo yo nah: akili zetu, sio yangu peke yangu

Jai Shri Krishna ndugu zangu. Tafakari ya wiki hii imechelewa kidogo, nilikua na jambo moyoni na sikutaka kuwaandikia huku bado linanichoma.

Wiki iliyopita niligombana na dada yangu kwenye simu. Mambo ya nyumba ya marehemu mzee, nani alitoa ngapi kwenye ukarabati, mnayajua haya. Ilikua saa moja kasoro asubuhi, ndo kwanza nimemaliza mala nzima (tasbihi yetu ya shanga 108) ya Gayatri, ile mantra yetu ya sala, mala yenyewe bado iko mkononi, na nikamwambia dada yangu maneno ambayo hata adui humwambii. Nakata simu naangalia vidole, kidole gumba bado kimebana ushanga wa mwisho pale jirani na meru, ule ushanga mkuu mzunguko unapoanzia na kuishia. Niliumia sana. Nikajiuliza, zile mara 108 nilikua naongea na nani?

Basi wiki nzima nikaacha kuhesabu, nikakaa na maneno yenyewe.

Om bhur bhuvah svah
tat savitur varenyam
bhargo devasya dhimahi
dhiyo yo nah prachodayat

Wengi wetu tunayo toka utotoni lakini ukiuliza maana unaambiwa "ni ya jua" basi. Ule mstari wa juu, wa dunia na anga na mbingu, ni wa kutangulizia, kama mtu anavyopiga hodi. Mantra yenyewe inaanzia tat, na iko kwenye Rigveda, ile Veda ya nyimbo katika maandiko yetu matakatifu ya kale, kitabu cha 3, wimbo wa 62, ubeti wa 10. Ni mistari mitatu ya silabi nane nane, jumla 24, na bahari hiyo ya ushairi ndo inaitwa gayatri, jina limetoka huko. Sisi tuliosoma mashairi shuleni mizani nane kwenye kipande sio kitu kigeni kabisa. Ila ukihesabu ule wa kwanza, wa tat savitur, utapata saba, ndo maana wanaojali kanuni wanauvuta, va-re-ni-yam, mizani itimie.

Sasa Savitar. Jina lake linatokana na kitenzi cha kusukuma, kuamsha, kukitia kitu mwendo. Sayana, mfafanuzi mkubwa wa Veda wa karne ya 14, anaeleza kwamba jua kabla halijachomoza ndo Savitar, likishatoka linaitwa Surya. Yani ule muda giza linapauka, wewe hujaona kitu bado lakini jogoo ameshawika, kunguru wameanza kelele, na mtu anafagia uwanja mahali. Wote wameamshwa na asiyeonekana. Na Kiswahili chetu kinalijua hili bila kufundishwa, saa zetu tunazihesabia kwa jua, likichomoza kwenye kumi na mbili hesabu inaanza upya, saa moja.

Kwa Kiswahili changu mimi naielewa hivi: tunauweka moyoni mng'ao ule mtukufu wa Mungu Savitar, naye azisukume akili zetu. Haijaombwa hela hapo, wala afya, wala kesi ishinde. Kinachoombwa ni akili isukumwe iende panapofaa. Na angalieni dhimahi, maana yake ni tunatafakari, sio natafakari. Halafu nah, zetu! Hata ukiisoma peke yako chumbani umejifungia, umewaombea wote. Kwahiyo mimi asubuhi ile nilikua nimemwombea dada yangu nuru ya akili mara 108, halafu dakika mbili baadae nikaitukana akili hiyo hiyo niliyoiombea.

Aliyeipokea mantra hii ni Vishvamitra. Alikua mfalme, akamtaka ng'ombe wa Vasishtha, mzee mmoja mtakatifu, kwa nguvu ya jeshi akashindwa, akaingia kwenye tapas, yani kujinyima na kutafakari, miaka na miaka ili amshinde tu yule mzee, na kila akifika mahali pa juu hasira zinamrudisha chini. Mwisho wa yote alipotulia, aliyemtambua kuwa Brahmarshi, mtakatifu wa daraja la juu kabisa, ni Vasishtha mwenyewe, yule yule aliyegombana nae. Mimi naamini sio bahati mbaya kwamba ombi la akili lilipita kwa mtu wa hasira kama yule.

Bibi yangu, Ba, hakufundishwa Gayatri akiwa msichana, wakati huo kwao ilikua ya wavulana waliovalishwa uzi mtakatifu. Arya Samaj, chama cha mageuzi ya Kihindu kilichoanzishwa Bombay mwaka 1875, ilipinga sana jambo hilo, wakasema Veda ni ya kila mtu, wanawake na wasio na uzi wote wasome, na Nairobi walifika toka 1903. Ba aliishika ukubwani na hakuwahi kuikimbiza. Alikua anasimama barazani na lota ya shaba, kile chombo kidogo cha maji, anamwaga maji kamkondo kembamba mbele ya jua linalotoka, macho yake anayapitisha kwenye yale maji, na kila mstari anaupa pumzi yake. Kumi tu. Akimaliza anamwagilia tulsi yake, ule mrehani mtakatifu, halafu hasemi na mtu mpaka chai ichemke.

Ndo nilichokirudia wiki hii. Mala naitumia bado, gumba na kidole cha kati, kile cha shahada nakiweka pembeni kama tulivyofundishwa, nikifika meru sivuki nageuza. Ila siku nikiwa na haraka nasoma kumi, na pale kwenye nah nasimama kidogo, nataja mtu kimoyomoyo. Siku ya kwanza jina la dada halikutoka kirahisi, koo lilikaza kabisa. Siku ya nne likatoka.

Jumamosi nikampigia, hakupokea. Jumapili alfajiri akapiga yeye, kimya kimya kwanza, kisha akaniuliza ile tulsi ya Ba kama bado ipo. Nikamwambia ipo, imetoa maua, nitakukatia tawi upande. Ya nyumba hatujayagusa bado.