Kidole cha golikipa mdogo: jinsi nilivyokirudisha

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 10, golikipa wa mtaani, kidole kidogo cha mkono kimevimba. "Daktari, kimeteguka tu, kivute." Kwa mtoto anayekua sikubali haraka kwamba kiungo kimeteguka. Kano zake mara nyingi ni imara kuliko gegedu la ukuaji, lile ambalo mfupa unarefukia, kwa hiyo gegedu ndilo huachia kwanza. Nawasihi wazazi, msivute.

Nilimwomba akunje ngumi, akashindwa kwa maumivu. Basi nikaushika mkono wake, akaulegeza, nikakikunja kiganja kwa nyuma taratibu. Hapo vidole hujikunja vyenyewe. Vitatu vilielekea kifundo cha mkono vikiwa sambamba. Kidogo kikalala juu ya kidole cha pete, ishara kwamba mfupa wake umejizungusha. Mkono wa pili haukuwa hivyo.

Eksirei ilionyesha ufa uliopita kwenye gegedu na kumega kipembe cha mfupa, aina ya pili katika mgawanyo wa majeraha ya gegedu la ukuaji uliotolewa na madaktari Salter na Harris mwaka 1963. Mfupa wa mtoto uliopinda kidogo unaweza kujinyoosha kadiri anavyokua. Uliojizungusha haujirekebishi, ndiyo maana sikusubiri.

Nilichoma ganzi, nikakunja kiungo cha chini ya kidole nyuzi 90 ili kano zikaze, kisha nikakisukuma na kukizungusha kwa upole, mara moja. Nikarudia kipimo cha kiganja: vyote sambamba. Eksirei ya pili ikathibitisha.

Nikakifunga pamoja na cha pete, pamba katikati, juu yake bandeji ngumu. Wiki ya kwanza nilipiga picha tena kuhakikisha hakijahama. Baada ya wiki 3 alikunja ngumi kamili.