Ule mguu wa kushoto

Nimezaliwa na seli mundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, kwa hiyo maumivu nayajua. Ya mgongoni huanza polepole usiku. Ya mapajani huja kwa kishindo, tena hushika pande zote mbili. Ndiyo maana ule mguu wa kushoto ulinitia shaka tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa nimetoka kulazwa wiki nzima. Jioni nikavua soksi, nikaona imeacha mfereji kwenye mguu mmoja tu. Kigimbi kilikuwa kimejaa, kina joto, ngozi imevutika hadi inang'aa. Nikarudi hospitali. "Ni seli mundu yako tu," nikaambiwa, nikapewa dawa ya maumivu. Hilo neno "tu" linaniuma mpaka leo.

Siku mbili baadaye, napanda ngazi, pumzi ikakata. Kila nikivuta hewa, ubavu wa kulia unachoma.

Safari hii nesi mmoja alitoa futi kamba. Akapima vigimbi vyote viwili, sentimita 10 chini ya goti: kulia 33, kushoto 37. Akarudia kupima, kisha akatoka mbio kumwita daktari. Ultrasaundi ikaonyesha donge la damu kwenye mshipa mkubwa wa paja, na picha ya CT ikaonyesha kipande kimemeguka na kukwama kwenye pafu.

Wengi wetu tunadhani seli mundu huziba vile vimishipa vidogo tu. Kumbe chembe nyekundu za damu zikivunjika ovyo, damu yenyewe hukaa tayari kuganda, hata siku usiyoumwa. Ukiongeza wiki ya kulala kitandani, hatari inazidi. Na kile kipimo cha damu cha kutafuta dalili za donge, D-dima, kwetu mara nyingi kiko juu hata tukiwa wazima, kwa hiyo kikipanda hakituambii mengi.

Nilianza na sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, tumboni; sasa nameza vidonge vya kazi hiyohiyo asubuhi na jioni. Kilichonisumbua zaidi ni kukatazwa ibuprofeni, dawa ya maumivu niliyoizoea tangu utotoni, maana ikichanganyika na dawa hizi unaweza kuvuja damu tumboni. Maumivu yakija sasa, inabidi nipige simu kwanza.

Nimenunua futi kamba yangu. Naweka alama kwa kalamu chini ya goti ili nipime palepale kila Jumapili. Juzi kulia ilikuwa 33, kushoto 34 na nusu.