Nani Ataamia Ndege?

Tuna ekari sita Dodoma vijijini, na kila mvua zinapokaribia nyumba yetu huingia ubishi uleule. Mdogo wangu anataka alizeti, kwani ndiyo inayoleta ada. Mama anataka chakula ghalani. Mimi nilishikilia mtama tupu, maana unavumilia jua ambalo mahindi hayaliwezi.

Mwaka jana nilichukua karatasi ya manila nikachora mchoro wa athari, njia iliyoelezwa na Wamarekani Ronald Howard na James Matheson mwaka 1981. Uamuzi unakaa ndani ya mstatili, jambo lisilo mikononi mwetu kama mvua ndani ya duara, na tunachokitafuta ndani ya umbo la almasi. Kisha unavuta mishale: kipi kinaathiri kipi.

Mshale unaoingia kwenye mstatili una maana yake ya pekee: jambo hilo linajulikana kabla ya kuamua. Hapo nikanaswa. Nilikuwa nimevuta mshale kutoka bei ya alizeti hadi kwenye uamuzi wa kupanda. Mdogo wangu akauliza, "Kaka, bei hiyo umeijua lini?" Kweli, siku ya kupanda tunayo bei ya mwaka uliopita tu. Nikaufuta, nikauelekeza kwenye almasi ya fedha. Uliobaki ni wa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutolewa kabla ya msimu kuanza Novemba. Na utabiri si mvua yenyewe, kwa hiyo kila kimoja kikapata duara lake. Miaka yote tuligombania bei ambayo hakuna kati yetu aliyeijua.

Almasi zilikuwa mbili, chakula na fedha, nikadhani nimemaliza. Mama akaweka kidole penye mtama: "Na huu nani ataamia, mwanangu?"

Mtama ukianza kukomaa, kweleakwelea, ndege walao nafaka, hushuka makundi kwa makundi. Kuamia ni kuwafukuza: lazima mtu awe shambani tangu alfajiri hadi jua lizame, siku baada ya siku. Mtu huyo amekuwa Mama. Mimi niko mjini, na katika hesabu zangu mtama ulikuwa zao lisilo na gharama. Niliona aibu sana. Nikachora almasi ya tatu: nguvu za Mama.

Tukapima mipango yote kwa almasi hizo tatu. Mtama ekari sita ukaanguka mara moja: mtama ekari nne na alizeti mbili unatushibisha vilevile hata mwaka mbaya, unaingiza fedha zaidi, na haumchoshi Mama kama ekari sita. Mipango iliyobaki, kila mmoja ulishinda mahali na kushindwa mahali, na mchoro hauwezi kukuchagulia hapo. Nikauliza: tuseme yote matatu ni mabaya kabisa, ukiruhusiwa kuliinua moja tu, utainua lipi? Wote walisema chakula. La pili nilijua mdogo wangu atasema fedha. Akasema nguvu za Mama.

Ndipo ukazaliwa mpango ambao haukuwepo mwanzoni: mtama ekari tatu, alizeti tatu, na vijana wa kulipwa waamie. Mwaka mbaya chakula kitapungua kidogo, nasi tulilikubali hilo tukijua. Alizeti ilipouzwa, mdogo wangu alitenga ujira wa vijana kwanza, kabla ya ada.