Mizani ya kaka, zafarani na ozoni ya juu

Mizani ya dukani kwa kaka yangu hapo Darajani inaumwa, haina kitu juu yake lakini inaandika gramu 2. Kwenye kilo ya pilipili manga nani atajua? Juzi akaja mtu anataka zafarani gramu 3, weee, hapo ndo ugomvi ukaanza maana ukitoa hizo 2 za uongo mteja kabaki na gramu 1 na bei ya zafarani mnaijua.

Mie nikabaki nacheka tu, maana usiku wake nlikuwa nasoma habari za watu wanaopima ozoni (ile gesi inayotukinga na jua) huko juu na maradhi yao ni haya haya.

Iko hivi, wanarusha puto lina kiboksi chini yake, ndani mna kipampu kinavuta hewa na kuipitisha kwenye maji ya potasiamu iodaidi (ukoo mmoja na ile iodini tuliyodondoshea muhogo skuli ukageuka mweusi), ozoni ikigusa yale maji inatoka iodini na umeme kidogo unapita, kila molekuli ya ozoni elektroni 2. Umeme ukishaujua, ozoni umeijua. Hapa jirani Nairobi wanarusha, wamo kwenye SHADOZ, mtandao wa vituo vinavyorusha maputo haya ya ozoni, ulioanza 1998.

Tabu ni kwamba kile kiboksi hata ukikipa hewa isiyo na ozoni kabisa bado kinatoa vijiumeme. Kilomita 25 juu ozoni imejaa, hiyo ni pilipili manga. Zafarani, yaani ozoni kiduchu, iko kama kilomita 14 mpaka 17, hasa juu ya Pasifiki ya magharibi, mawingu makubwa ya mvua yanabeba hewa ya baharini ambayo ozoni yake ishaliwa na jua na mvuke, yanaipandisha juu fasta kabla haijapata nyingine.

Mwaka 1993 maputo ya huko Pasifiki yalisoma karibu na sifuri. 2010 wanasayansi Vömel na Diaz wakauliza, jamani, vile vijiumeme vya uongo mlivyotoa kwenye hesabu, mna hakika navyo? Ukitoa zaidi ya inavyostahiki si utapata sifuri ya kujitengenezea! Februari 2014 wengine wakarusha kutoka kisiwa cha Manus, Papua New Guinea, wakalinganisha na ndege ya utafiti, kipimo kidogo kuliko vyote wakapata kama molekuli 12 za ozoni kwa kila bilioni za hewa. Kidogo mno, ila ipo.

Na si ubishi wa bure. Ozoni ikipungua pale, kemikali zinazosafisha hewa nazo zinapungua, basi gesi za bromini kutoka baharini, nyengine zinatoka kwenye mwani (ndio, mwani huu huu wa Paje), zinapata upenyo wa kwenda kuila ozoni ya juu inayotukinga na jua.

Kaka kabandika karatasi kwenye mizani, "TOA 2". Nikamwambia wale wa maputo nao wanapima kijiumeme chao chini kabla ya kurusha, halafu si lazima kibaki vile vile njiani. Akanambia niache usomi dukani kwake.

Jana nimepita, inaandika 3.